Kutoka Uendeshaji hadi Usimamizi wa Bidhaa

Jijini Brussels, jirani na Matonge, mtaa uliorithi jina lake kutoka Kinshasa, anaishi mwanamke mzaliwa wa Bukavu aliyetumikia uendeshaji wa bidhaa kwa miaka sita katika kampuni ya programu. Alikusanya malalamiko ya wateja kwa Kifaransa na Kiholanzi, lugha mbili rasmi za jiji hilo, akayapanga, akawakabidhi mameneja. Alijua kwamba wateja wa Kiholanzi hutumiwa ankara za Kifaransa. Kuamua lirekebishwe lipi kwanza hakukuwa kwake.

Kazi ya umeneja wa bidhaa, ajabu, chimbuko lake ni sabuni. Mwaka 1931 Neil McElroy wa Procter & Gamble, aliyeshughulikia matangazo ya Camay, sabuni iliyoshindana na Ivory ya kampuni hiyohiyo, aliandika waraka akitaka kila chapa iwe na watu wake: wachunguze mauzo yanakodorora wapi na kwa nini, kisha wapendekeze dawa. Aliyeujua ugonjwa ndiye aliyeutibu. Kuwatenganisha hao wawili kulikuja baadaye.

Alipoomba nafasi, aliambiwa hana uzoefu wa kuamua. Hakubishana. Alichukua suala la ankara, akazungumza na wateja kumi na wawili, akaandika ukurasa mmoja: tatizo, suluhisho na, hapa ndipo penye uzito, mambo matatu yatakayoachwa ili hilo lifanyike. Mojawapo lilikuwa ombi la rafiki yake wa idara ya mauzo.

Alipewa nafasi kwa majaribio ya miezi sita. Rafiki yule sasa hunywa kahawa meza nyingine.