Kidirisha cha Pembetatu

Aendaye Gerezani, Dar es Salaam, husikia nyundo kabla hajaiona gereji. Nilipofika huko asubuhi moja, fundi mmoja mzee alikuwa ameiweka yake kando. Mbele yake ilisimama pikapu aina ya Datsun 521, ya mwaka 1970. Kidirisha cha pembetatu cha mlangoni, kilichompa dereva upepo kabla viyoyozi havijaenea magarini, kilikuwa kimeganda. Cha upande wa pili kilikwisha kuvunjika, mwanafunzi wake alipokilazimisha kwa bisibisi.

“Kutu haipigwi, mwanangu, hubembelezwa,” aliniambia.

Alidondoshea oili pini za juu na chini, akasubiri. Kisha alifungua ubao wa ndani wa mlango, akashusha kioo kikubwa, akaitoa fremu. Mpira ulikuwa umekauka kwa jua na kupasuka. Maji ya mvua yalipenya humo yakaozesha bati la mlango. Alitia mpira mpya uliopakwa maji ya sabuni, akakaza nati ya springi kiasi cha upepo usikifunge kidirisha.

Jioni kidole kimoja kilitosha kukifungua. Mwanafunzi alikijaribu mara tatu, kisha akaenda kuokota vipande vya kile alichokivunja.