Ukienda Mbamba Bay, kariri namba ya tela!

Msomaji wangu, kama kila ukipata mapumziko unaishia Coco Beach, safari hii nakuhamisha. Nakupeleka Mbinga, mkoani Ruvuma, kisha nakuteremsha mpaka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Raha ipo, tena ya bei nafuu. Ila njiani kuna wababe wenye matairi kumi na kuendelea, na habari zao uzijue kabla hujafunga begi.

Songea mpaka Mbinga ni kama kilometa 100, lami tupu. Upande wa Kitai ndiko utakutana na malori ya makaa ya mawe yakitokea Ngaka, mgodi ulioanza kuchimbwa 2011. Vita ya Ukraine ilipozuka 2022, bei ya makaa ikapaa duniani, na mzigo wa Ruvuma ukazidi kukimbilia bandari ya Mtwara, zaidi ya kilometa 700. Yaani Wazungu wanatafuta moto kule kwao, sisi huku tunapishana na matela! Kosta yetu ilikwama nyuma ya moja, dereva akawa anachungulia kama kuku anayetafuta upenyo bandani. Mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, tulia. Ziwa halihami." Basi zima tukacheka, na dereva akatulia.

Mbinga ni baridi na kahawa, kwa hiyo beba sweta. Wamatengo wanalima kwa ngoro, vishimo vinavyoshika maji ya mvua ili udongo usiporomoke. Ukiutazama kwa mbali, mlima mzima ni kama sega la nyuki.

Kutoka hapo ni kuteremka. Mji wa Mbinga uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama 475. Hesabu mwenyewe! Kipande hicho cha kilometa 66 zamani masika kilikuwa matope matupu, sasa ni lami. Lami nayo ina mambo yake. Lori lililoshiba mzigo linatakiwa kushuka kwa gia nzito. Dereva akitegemea breki peke yake zinapata moto, na zikipata moto zinagoma. Yule anayebana mafuta kwa kuweka nyutro, huyo mkimbie kabisa.

Mbamba Bay yenyewe, aisee! Maji maangavu, usipa wameanikwa mchangani, ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma. Lakini kijana wa bodaboda aliyenipeleka ufukweni alikuwa anachechemea. Aligongwa na lori mwaka juzi.

"Kaka, tajiri alimtuma mtu hospitali na laki mbili na karatasi," aliniambia. "Nikasaini, mguu umening'inizwa juu. Sasa nikipiga gia, maumivu yanafika mpaka kisogoni."

Laki mbili kwa mguu! Utamu wa samaki uliniishia pale pale.

Sasa sikiliza. Sheria ya bima ya magari inamlazimisha mwenye gari awe na bima, japo ile ndogo, kwa ajili ya watu atakaowaumiza. Kwa hiyo fidia siyo huruma ya tajiri. Tena kosa la dereva akiwa kazini linamgusa na mwajiri wake. Na dereva akipigwa faini usishangilie, hela hiyo inakwenda serikalini. Ya kwako unaidai kwa kesi ya madai, na kwa kawaida mlango unafungwa baada ya miaka mitatu.

Silaha ya kwanza ni namba. Lori lina yake na tela lina yake, chukua zote mbili au mwombe mwenzako apige picha. Kwa namba hiyo, mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, unaonyesha gari limekatiwa bima kampuni gani. Ya pili ni PF3 ya polisi, daktari aijaze. Ya tatu ni risiti za matibabu, hata ya bandeji. Na karatasi ya "tumeelewana" usiisaini ukiwa kitandani. Inaweza kukufunga mdomo kabla hujajua kama mguu utapona.

Wakili huna hela ya kumlipa? Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri, uliza wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Huduma ni bure. Dereva na utingo walioajiriwa nao wana mlango wao, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Na nyie mnaopenda lifti juu ya magunia, mjue bima ile ya lazima kwa kawaida haimhesabu abiria wa lori la mizigo. Machi 2023, huko huko Ruvuma, lori lililobeba wafanyabiashara waliotoka mnadani lilitumbukia mtoni upande wa Namatuhi, wilayani Songea. Watu 13 walikufa. Nauli ya kosta ni ghali, ndiyo, lakini bado ni rahisi kuliko jeneza.

Kwa hiyo nenda Mbamba Bay, ule mbasa, uogelee mpaka ngozi ikunjamane. Ila ukiwa barabarani na tela likakupita, zoeza macho yako kusoma namba zake. Ni mazoezi ya bure, na siku ya siku yatakulipa.