Shingo Haijakaza

Arobaini yangu ilikuwa imetimia siku mbili tu tulipompeleka mtoto kwenye ule uchunguzi ambao Uingereza hufanywa baina ya wiki ya sita na ya nane. Mama, aliyetoka Tanga kuja kunitunza uzazini, alikaa pembeni, kanga mabegani juu ya koti. Daktari alimshika mwanangu chali, kichwa kikiwa kiganjani, kisha akakiacha kishuke ghafla kwa kadiri ya vidole viwili. Mikono ya mtoto ikafunguka, vidole vikachanuka, halafu ikarudi kifuani.

"Wallahi atamwangusha!" Mama akamaka.

Nikamtuliza. Ernst Moro, aliyeueleza mshtuko huo mwaka 1918, aliuona kuwa ni namna ya kukumbatia. Kinachotazamwa ni kama mikono yote miwili hufunguka sawasawa. Ya mwanangu ilifunguka sawa, ila kivivu. Kisha daktari akamvuta kwa mikono aketi. Kichwa kikabaki nyuma, kikaning'inia. Akamwinua hewani kifudifudi juu ya kiganja. Mtoto wa umri ule hutarajiwa kuinua kichwa kilingane na mgongo, japo kwa nukta chache. Wangu aliinama huku na huku kama nguo iliyoanikwa kambani.

"Toni yake iko chini," daktari akasema kwa Kiingereza.

"Kasemaje?" Mama akauliza.

Hapa msomaji anivumilie. Shahada yangu ya uzamivu niliipata ugenini kwa kuandika juu ya toni, kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya maneno katika lugha nyingi za Kibantu. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba Kiswahili hakina toni, kiliipoteza. Sasa neno lilelile limeingia mwilini mwa mwanangu, nami sina la kumwambia mama yangu. "Mlegevu" lilinijia nikalimeza, kwa kuwa kwetu hilo ni neno la lawama.

"Anasema misuli haina nguvu," nikajibu, nikijua nimekosea. Toni ya msuli si nguvu. Ni ule ukinzani mdogo ambao msuli uliotulia huutoa mtu mwingine anapokikunja kiungo.

Mama akamtazama mjukuu wake. "Shingo haijakaza. Nililiona tangu wiki iliyopita nikimkanda. Nilingoja arobaini yako ipite, nisikutie hofu."

Daktari akamgonga mtoto chini ya goti kwa ncha ya kidole. Mguu ukaruka. Akagonga wa pili, nao ukaruka, akashusha pumzi. Baadaye ndipo nilipoelezwa sababu: mtoto aliyelegea ambaye magoti yake hayaitikii huelekeza shaka kwenye neva na misuli yenyewe, na baadhi ya maradhi ya huko hayangoji. Goti linaloitika haliondoi hofu, huihamisha tu.

Zikafuata rufaa, vipimo vya damu, na mazoezi ya kumlaza kifudifudi akiwa macho. Viza ya Mama ilikwisha kabla hatujapata jibu. Kila Ijumaa alinipigia na kuuliza neno moja tu: "Imekaza?"

Mwezi wa sita nilimpigia mimi, siku ya Jumanne. Alipokea mlio wa kwanza haujaisha, akanyamaza, akingoja niseme. Mtoto alikuwa kifudifudi sakafuni, kainua kichwa, anaikodolea macho simu.