Kaburi Lipo, Karatasi Haipo

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Muleba huliacha Ziwa Viktoria mkono wake wa kushoto, akapanda vilima vya nyasi ambavyo wenyeji huviita rweya, kisha akashuka tena katika migomba iliyoshikana hata jua halifiki chini. Ni njia ya kupendeza macho. Asubuhi moja ya Agosti 2024 niliipita nikiwa ndani ya basi dogo, na jirani yangu kitini alikuwa kijana wa miaka 19 aliyekumbatia bahasha ya plastiki kama mtu abebaye mayai.

Baada ya "Shikamoo kaka" na "Marahaba," tulifika haraka kwenye habari za bahasha. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya kidato cha sita, michepuo ya Fizikia, Kemia na Hisabati, na alama zake zilikuwa za kutosha kabisa. Mlikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, picha ndogo nne, na cheti cha kifo cha mama yake. Kilichokosekana ni kimoja tu: cheti cha kifo cha baba yake.

Kijana huyu ataka kusomea uhandisi ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndugu msomaji akumbuke kwamba mlango huo si wa zamani sana. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa pale Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kabla ya hapo, katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mtanzania aliyetaka fani hiyo ilimpasa kwenda Nairobi. Siku hizi vyuo vimeongezeka, na mwenye kufaulu Fizikia na Hisabati anaweza kuomba nafasi. Lakini kufaulu hakumlishi mtu Dar es Salaam kwa miaka minne. Mtoto wa mkulima hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na yatima anayeomba mkopo huo hutakiwa kuambatanisha vyeti vya vifo vya wazazi wake, vilivyohakikiwa na RITA.

Hapo ndipo safari yake ilipokwama. Mama alifia hospitalini, na hospitali huandika. Baba alifia nyumbani mwaka 2013. Wanaume wa kijiji wakachimba kaburi asubuhi, wakazika alasiri ndani ya kibanja, katikati ya migomba na mibuni, kama Wahaya wafanyavyo tangu enzi. Hakuna aliyefikiri habari za karatasi.

Nilimwuliza kwa nini uhandisi. Akanyosha kidole kuelekea vilima vya Bukoba tulivyoviacha nyuma. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, alikuwa nje akianua kahawa pale ardhi ilipotikisika. Tetemeko lile la kipimo cha 5.9 liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera, likabomoa maelfu ya nyumba, na shule kubwa za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda kwa sababu majengo yake hayakufaa tena kukaliwa na watoto. Nyumba ya matofali aliyoijenga marehemu baba yake, iliyounganishwa kwa udongo, ilianguka yote. Jiko la miti na nyasi lililokuwa hatua kumi kutoka hapo halikudondosha hata unyasi.

"Nilikaa nikiliangalia lile jiko," aliniambia. "Nikataka kujua lina nini ambacho nyumba haina."

Tulipofika Kemondo basi lilisimama kupakia ndizi. Hapa ndipo MV Bukoba ilipotia nanga mara ya mwisho, ikaongeza abiria, kisha ikapinduka karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakapotea. Nami nakiri kwamba kila nipitapo hapa huwaza kwamba misiba mingi ya mkoa huu, ukiuondoa ule wa UKIMWI ulioingia mwaka 1983, imekuwa pia maswali ya hesabu: chombo hubeba watu wangapi, ukuta hustahimili nini.

Tena Kemondo si mahali pa huzuni tu. Katika vilima vya jirani, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa karibu miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo walimjengea tanuri nyingine: shimo lililojazwa matete yaliyochomwa, mivukuto, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya moto. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika kwamba mirija hiyo iliipasha joto hewa kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba wahunzi hao walipata chuma cha pua. Wataalamu wengine wamelibishia jambo la hewa. La tanuri hakuna anayelibisha. Kijana wangu hakuwa amesikia habari hizi; alisikiliza, akauliza mirija ilikuwa na urefu gani, nami sikuwa na jibu.

Kutoka Muleba mjini tulichukua bodaboda hadi kwa bibi yake. Bibi huyo alitupokea kwa "waitu" nyingi na kahawa ya kutafuna. Mwezi Februari alikuwa ameuza magunia mawili kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mbichi mtini, desturi ambayo Serikali imeipiga marufuku, ili mjukuu apate nauli ya kurudi shuleni na shilingi 30,000 za maombi ya mkopo. Sasa msimu umefika, bei ya mnadani ni nzuri, na magunia yale si yake tena.

Alitupeleka kaburini. Ni tuta la udongo lililozungushiwa mawe, na mgomba mmoja umeinama juu yake. "Mwanangu, hawa wa ofisini waje waone," alisema. Mimi nadhani ofisi ina haki ya kutaka ushahidi, kwa kuwa wapo wanaojifanya yatima. Lakini kijiji kinachozika bila kuandika huwaachia watoto deni ambalo hawakulikopa. Afisa mtendaji alikuwa tayari kuandika barua ya kupeleka kwa Mkuu wa Wilaya. Alitaka tarehe tu. Bibi alijua kwamba ulikuwa msimu wa senene, na kwamba mvua ilinyesha juu ya waombolezaji. Siku yenyewe hakuijua.

Katekista wa kigango ndiye aliyetuokoa. Alifungua sanduku la bati, akatoa kitabu cha mazishi kilicholiwa kingo na mchwa, akapitisha kidole polepole: Jumamosi, 23 Novemba 2013.

Barua iliandikwa jioni ile. Kesho yake, mjini Muleba, tuliambiwa turudi Alhamisi. Nilipoaga, bibi alinipa kidaftari chake cha kahawa, akaniomba nimwandikie tarehe ile juu ya jalada, kwa herufi kubwa.