UGONJWA WA MAJANI YA ULEZI

Kwetu Ufipa ulezi ni ugali, ni uji wa mtoto, na ni pombe ya harusi. Ukiugua ulezi, nyumba nzima imeugua. Likizo ya Aprili mwaka huu nilikuta shamba la bibi lina majani yenye madoa ya kahawia, umbo lake kama jicho, yamechongoka pande mbili na katikati yana rangi ya kijivu. Mahali pengine madoa yalikuwa yameungana, na jani lote limekauka kama lililopitiwa na moto. Masuke machache yalikuwa meusi shingoni na hayakuwa na punje.

Maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema mvua imezidi, na wako waliosema ardhi imechoka. Lakini wengine walinong'ona jina la jirani, mama mjane, ati alionekana jioni akipita kando ya shamba. Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma moyo. Mvua ikilaumiwa haidhuriki, bali mtu akitajwa hupoteza heshima yake, na pengine zaidi ya heshima.

Basi nilichuma majani kadhaa, nikayafunga katika gazeti yasioze, nikarudi nayo shuleni. Mwalimu wetu wa Biolojia alituonya mapema: "Kumkuta mtu penye wizi si ushahidi kwamba yeye ndiye mwizi." Jani bovu huota kuvu za kila namna, na nyingi zimekuja kula mzoga tu. Akatueleza habari za Robert Koch, daktari Mjerumani, ambaye mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1906 akafika visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria kuchunguza malale. Kanuni zinazoitwa kwa jina lake zinataka mambo manne: kiumbe kinachoshukiwa kionekane katika mgonjwa, kitolewe na kukuzwa peke yake, kikitiwa katika kiumbe kizima kilete ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena humo.

Tulifuata njia hiyo. Tulikata vipande vyenye madoa, tukavisafisha kwa maji yenye dawa kidogo ya kung'arisha nguo, tukavisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na kuvilaza juu ya karatasi yenye unyevu katika sahani ya kioo yenye kifuniko. Baada ya siku mbili ukungu wa kijivu ulitokea. Katika hadubini tuliona spora zenye umbo la tone la maji, na ndani yake kuta mbili zinazoigawa kila moja vyumba vitatu. Hiyo ndiyo alama ya Pyricularia, kuvu iletayo ugonjwa uitwao blasti, ambayo jamaa zake hushambulia mpunga pia. Iko kuvu nyingine ya majani ya ulezi, ya jamii ya Helminthosporium, lakini spora zake ni ndefu, za kahawia, na vyumba vyake ni vingi. Hizo hatukuziona.

Tukaikuza kuvu ile peke yake juu ya chakula cha viazi. Kisha tukatwaa miche mizima 20 katika makopo: 10 tukainyunyizia maji yenye spora, 10 maji matupu. Yote tukaifunika kwa mifuko ya plastiki usiku mmoja, kwa sababu spora haiwezi kuingia katika jani kavu. Ikipata unyevu huota, hujishikiza, na kusukuma kwa nguvu ipatayo mara 40 ya upepo wa gurudumu la gari, hata ngozi ya jani ikatoboka. Siku ya saba miche iliyopata spora ilikuwa na macho yale yale ya kijivu. Ile ya maji matupu ilikuwa safi. Tulipochunguza madoa mapya tulikuta spora za vyumba vitatu, kisha tukaichoma moto miche yote migonjwa.

Nilimwandikia bibi barua: asitoe mbegu katika shamba lile, mabua yachomwe baada ya mavuno, magugu ya jamii ya ulezi yang'olewe kando ya shamba, maana nayo huifuga kuvu hiyo, na Bwana Shamba aulizwe mbegu inayostahimili. Nikaongeza kwamba kuvu hii husafiri kwa upepo na kwa mbegu, wala haitumwi na mtu.

Bibi alijibu kwa kifupi. Mbegu ataomba kwa dada yake, na barua yangu imesomwa mara mbili, mara ya pili mbele ya wale walionong'ona. Wawili kati yao hawajaamini bado.

Wanafunzi wenzangu, majani ya mashamba ya kwenu yangali yakingoja mtu wa kuyachunguza. Mkienda likizo, chukueni gazeti la kuyafungia.