Mezani Katika Mji wa Lyon

Mji wa Lyon uko upande wa kusini-mashariki ya Ufaransa, mahali ambapo mito miwili, Rhône na Saône, hukutana. Warumi waliujenga mwaka wa 43 kabla ya kuzaliwa Kristo, na baadaye kwa muda wa karne nyingi ulijulikana kwa wafumaji wake wa hariri. Siku hizi wageni wengi huuendea kwa ajili ya chakula chake. Hata hivyo, mgeni afikaye huko bila maneno ya chakula huweza kuona njaa katikati ya soko lililojaa, au, lililo baya zaidi, akala kitu ambacho dini yake imemkataza. Basi yafaa kumfuata mgeni kama huyo, atokaye Afrika ya Mashariki, tangu asubuhi mpaka usiku, ili ionekane ni maneno gani machache yatakayomlinda.

Asubuhi watu hupanga foleni mbele ya duka la mwoka mikate. Mgeni akiingia na kusema mara moja, “Nataka mkate,” atapewa mkate, lakini hatapewa uso mkunjufu. Kwanza yampasa kusema, “Bonjour, Madame,” yaani “Habari za mchana, Bibi,” au “Bonjour, Monsieur” ikiwa muuzaji ni bwana. Neno hilo kwa Wafaransa ni kama hodi kwa watu wa Pwani: asiyelisema ameingia nyumba ya watu bila ruhusa. Baada ya salamu husema, “Je voudrais une baguette, s'il vous plaît.” Maana yake ni, “Ningependa mkate mmoja mrefu, tafadhali.” Maneno matatu ya mwisho husomwa pamoja, “silvuple”, na hayaachwi kamwe.

Wafaransa huheshimu sana mkate wao. Amri ya serikali ya mwaka 1993 ilisema kwamba mkate uitwao wa “tradition”, yaani wa desturi, usitiwe dawa za kuongeza, wala usigandishwe kwa barafu. Mwaka 2022 UNESCO iliuandika ufundi wa kuoka baguette katika orodha ya urithi wa mataifa yote.

Chakula cha asubuhi huitwa “petit déjeuner”, cha mchana “déjeuner”, na cha jioni “dîner”. Ndani ya neno “déjeuner” limo neno “jeûne”, ambalo maana yake ni saumu. Kwa hiyo asili yake ni kuvunja saumu ya usiku, na msemaji wa Kiswahili, ambaye chakula chake cha asubuhi ni kifungua kinywa, hawezi kulistaajabia. Lakini na ajihadhari: katika Ubelgiji na Uswisi watu wengi wasemao Kifaransa huita chakula cha asubuhi “déjeuner”, na cha mchana “dîner”. Aalikwaye huko na aulize saa, asije akafika jioni kumbe wenyeji walimngojea mchana.

Kuna mambo mengine ambayo Mswahili huyashika upesi. Mfaransa hasemi kwamba yeye ni mwenye njaa; husema “J'ai faim”, yaani nina njaa, na “J'ai soif”, nina kiu, sawasawa na isemwavyo Mombasa au Nakuru. Tena wanafunzi wengi hulalamika kwamba majina ya Kifaransa yamegawanyika mafungu mawili, la “le” na la “la”. Mtu aliyekua akisema kiti kimevunjika, meza imevunjika na jembe limevunjika, ataogopaje mafungu mawili tu? Lililo geni kwake ni kwamba, akiomba sehemu ya kitu, humbidi kutanguliza neno dogo: “du pain”, mkate kiasi, “de la viande”, nyama kiasi, “des œufs”, mayai kadhaa. Na akikataa, maneno hayo yote hugeuka kuwa “de”: “pas de pain”, hapana mkate. Neno hilo la kukataa ni dogo, lakini mchana mgeni atalihitaji kuliko maneno yote.

Kandokando ya mto Saône, katika gati la Saint-Antoine, huwa na soko asubuhi za karibu siku zote isipokuwa Jumatatu. Hapo mgeni hujifunza kwamba Kifaransa huandika herufi nyingi kuliko zinazotamkwa. Kuku ni “poulet”, husomwa “pule”. Nguruwe ni “porc”, husomwa “por”. Samaki ni “poisson”, na hapa ulimi uangaliwe, kwa maana “poisson” kwa sauti ya s ni samaki, bali “poison” kwa sauti ya z ni sumu. Mtu asemaye Kiswahili, ambaye hawezi kuchanganya sana na zana, hana udhuru wa kumwomba muuzaji samaki kilo moja ya sumu.

Katika meza za mboga, kila fungu lina kibao chenye bei na jina la nchi lilikotoka. Mkulima wa Kirinyaga akipita hapo atayaona maharagwe mabichi membamba, “haricots verts”, kama yale ayachumayo kwa mkono na kuyapeleka kupakiwa kwenda ng'ambo. Mkulima wa Murang'a ataliona parachichi. Jina lake ni “avocat”, na asicheke akisikia kwamba wakili wa mahakamani naye huitwa hivyo hivyo. Mara nyingine kibaoni huandikwa “Kenya”. Mtu aliyezoea kuuza asichojua kinakoishia, hapo huona mwisho wa safari ya jasho lake.

Saa sita mchana mji wote huenda kula, na baada ya saa nane majiko mengi hufungwa. Nyumba za kulia za Lyon zenye vyakula vya asili huitwa “bouchons”. Hapa ndipo penye hatari. Mgeni aliye Mwislamu, au Msabato, aweza kujiambia, “Nitaagiza saladi, majani hayana dhambi.” Lakini saladi ya Lyon, “salade lyonnaise”, huwa na majani, yai, vipande vya mkate wa kukaanga, na “lardons”, ambavyo ni vipande vya nyama ya nguruwe. Maneno “jambon”, “lard” na “saucisson” pia ni ya kuangaliwa, kwa kuwa mara nyingi ni nguruwe kwa sura nyingine. Na chakula kilichoandikwa “au vin” kimepikwa kwa mvinyo.

Kwa upande mwingine, majina mengine hutisha bure. “Cervelle de canut” maana yake ni ubongo wa mfumaji hariri, lakini ni jibini laini iliyochanganywa na majani ya kitoweo. “Tablier de sapeur”, aproni ya askari, ni matumbo ya ng'ombe yaliyokaangwa. “Quenelle de brochet” ni samaki wa mtoni aliyepondwa na kufinyangwa. Kwa hiyo asihukumu kwa jina. Kuuliza si ujinga. Na aseme waziwazi, “Je ne mange pas de porc,” sili nguruwe, kisha aulize, “Est-ce qu'il y a du porc dedans?” Je, ndani yake mna nguruwe? Mhudumu mwema hatachukizwa. Atajibu “oui”, ndiyo, au “non”, hapana, na kuonyesha chakula kingine. Mwenye maneno hayo mawili ana ngao. Asiye nayo hutegemea bahati, na bahati si mpishi.

Majina mengine ya chakula hulindwa na sheria, na jambo hili lawahusu hasa wakulima. Kaskazini ya Lyon kuna nchi ya Bresse, yenye kuku weupe wenye miguu ya buluu na kilemba chekundu. Sheria ya mwaka 1957 iliweka kwamba si kila kuku aweza kuitwa “poulet de Bresse”. Lazima awe wa kizazi hicho, afugwe katika nchi hiyo, na apate uwanja wa majani usiopungua mita 10 za mraba kwa kila kuku. Hivyo jina limekuwa mali ya mfugaji, na tapeli hawezi kuliiba.

Katika nchi hiyo ya Bresse alilelewa Eugénie Brazier, aliyezaliwa mwaka 1895 katika jamaa maskini na kufanya kazi ya mashamba tangu utoto. Alihamia Lyon, akawa mpishi wa nyumba za watu, na mwaka 1921 akafungua mkahawa wake mwenyewe. Kitabu cha Michelin huipa mikahawa nyota, na nyota tatu ndizo za juu kabisa. Mwaka 1933 mikahawa yake miwili ilipata tatu kila mmoja, na hakuna mpishi aliyekuwa amepata sita kabla yake. Alisifiwa hasa kwa kuku wa Bresse, ndege ambaye watoto wa mashamba ya kwao walimjua tangu yai.

Usiku mgeni akiketi tena mezani, aombe “une carafe d'eau”, chupa ya maji ya mfereji, ambayo hailipiwi. Sheria ya 2020 imelazimisha mikahawa kuyatoa bure na kuwatangazia wateja. Akimaliza, aseme “L'addition, s'il vous plaît”, ili aletewe hesabu, kisha “Merci, au revoir”, asante, kwaheri.

Maneno haya hayana faida Ufaransa peke yake. Mfanyabiashara atokaye Kenya aweza kuyasikia Bujumbura, Bukavu na Moroni, ambako Kifaransa hukaa pamoja na lugha za wenyeji. Popote aendapo, utaratibu ni ule ule: asalimu kwanza, aombe kwa adabu, na akatae bila woga. Akifanya hivyo atakula alichokichagua mwenyewe, na ataondoka mezani kwa heshima ile ile aliyoingia nayo.