Bureti Nilishika Mara ya Kwanza Siku ya Mtihani

Watu wangu, leo hakuna klipu ya kuchekesha. Hii stori nimekaa nayo miaka mitano, na aliyenilazimisha niitoe ni abaayo wangu mdogo. Yuko Kidato cha Nne hapa Mandera, anafanya KCSE mwaka huu. Juzi alinijia na daftari ya kemia mkononi akasema, "Aboowe, mimi nataka udaktari. Nianzie wapi?"

Aniulize mimi! Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, mtaani najulikana kama yule kijana wa simu na taa ya duara. Lakini sikucheka. Swali hilo nami niliwahi kuuliza, na jibu nililopewa ni moja tu: soma kwa bidii.

Kwanza tuelewane. Kuna nchi ambako anayetaka udaktari hufanya mtihani wake maalum, kama MCAT ya Marekani. Sisi hatuna. Mlango wetu ni KCSE yenyewe. Biolojia, kemia, hesabu au fizikia, na lugha: masomo manne, alama 12 kila moja, jumla 48. Hizo ndizo zinazokupeleka kwenye foleni ya udaktari au zinazokutoa.

Yangu ilianza Aprili 2019, nikiwa Kidato cha Tatu. Asubuhi ya tarehe 12, madaktari wawili kutoka Cuba walitekwa hapa mjini wakienda kazini, na polisi aliyewalinda akauawa. Walikuwa kati ya madaktari walioletwa Kenya mwaka 2018 kwa sababu wetu hawatoshi. Mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji. Jioni ile hooyo alikaa kwenye mkeka akauliza, "Sasa nani atatupasua sisi?" Nyumba nzima kimya. Mimi moyoni nikasema, nitakuwa mimi. Kijana wa miaka 16, hata kisu cha maabara sijawahi kukiona.

Halafu ikaja 2020. Januari walimu watatu waliuawa Kamuthe, kule Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti zetu. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna mshahara unaolipa roho ya mtu. Lakini shuleni kwetu mwalimu wa kemia alienda, wa fizikia akaenda, na tuliobaki tukawa tunafundishana. Maabara ilikuwepo, ila ndani mlikuwa na magunia ya mahindi na maharagwe. Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Tulirudi Oktoba, mtihani ukawekwa Machi 2021.

Sasa hapa nitasema ukweli wangu, kwa sababu ni rahisi sana kulaumu kila mtu isipokuwa wewe mwenyewe. Ile miezi ya kukaa nyumbani sikusoma vile ningesoma. Nilikuwa Telegram. Kuna mtu aliniahidi pepa ya kemia "moja kwa moja kutoka ndani", shilingi 1,500. Nilimwambia hooyo ni pesa za vitabu. Akauza mbuzi mdogo. Pepa ikaja, na siku ya mtihani hata swali moja halikufanana. Yule mtu alikuwa ameshanifungia kitambo. Huyo mbuzi namkumbuka mpaka leo, alikuwa mweupe mwenye kichwa cheusi.

Siku ya praktiko niliwekewa bureti mbele yangu. Nilikuwa nimeichora mara labda hamsini. Kuishika, sijawahi. Niliacha faneli juu yake. Nilisoma mstari wa juu wa maji badala ya pale chini maji yanapojikunja. Nikafungua koki kama mfereji wa nyumbani, na mchanganyiko uliotakiwa kuwa waridi hafifu ukawa mwekundu kama sharbati ya Ramadhani. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mikono ilitetemeka hadi msimamizi akaniuliza kama niko sawa.

Na hii ndiyo hesabu ambayo hakuna aliyenifanyia mapema. Kemia ina pepa tatu. Ya kwanza alama 80, ya pili 80, halafu hizo 160 zinapunguzwa ziwe 60. Praktiko ni alama 40, na zinaingia zote kama zilivyo. Maana yake alama moja ya praktiko ina uzito wa karibu alama tatu za nadharia. Biolojia na fizikia mtindo ni huo huo. Mimi nilikesha nikikariri vitu vya bei rahisi, na vile vya bei ghali viko nyuma ya magunia ya mahindi.

Nilipata B- kwa jumla, kemia C-. C- ni alama 5. Hata kama yale matatu mengine ningepata A tupu, ningefika 41 kati ya 48. Na sikupata A tupu. Nikaitwa chuo kusoma kozi ambayo sikuichagua kwa moyo. Ukame wa 2021 na 2022 ukamaliza mifugo ya nyumbani, karo ikakatika, nikarudi. Sikurudi shujaa na sikurudi mjinga. Nilirudi kwa basi, basi.

Kwa hiyo abaayo aliponiuliza aanzie wapi, nilimwambia aanzie mikononi. Maabara ya shule yao inafunguliwa mara mojamoja, kwa hiyo tumefungua yetu uani. Sindano ya plastiki ya duka la dawa, bila ncha, ndiyo bureti. Maji ya ndimu ndiyo asidi. Magadi tumeyayeyusha kwenye maji. Maua ya bogonvilia tumeyachemsha tukapata rangi inayobadilika asidi ikiingia. Chini ya glasi tunaweka karatasi nyeupe ili rangi ionekane. Si kipimo cha kitaalamu, najua, na haifikii fenolfthalini. Lakini anajifunza kudondosha tone moja, kusubiri, kutikisa, kudondosha lingine. Anasoma kipimo macho yakiwa usawa na maji. Anarudia mara tatu. Anachora jedwali, anajaza kila kisanduku, desimali zote zinalingana, na wastani anautafuta kwa majibu yaliyokaribiana tu. Jamani, hilo jedwali peke yake lina alama zake, na halihitaji bahati wala mtu wa Telegram.

Biolojia je? Sisi ni watu wa mifugo. Nilikariri vyumba vinne vya moyo kutoka kitabuni, na kila Idd nimeshika moyo wa mbuzi mkononi bila kuufungua hata siku moja. Idd iliyopita abaayo aliupasua kwa wembe jikoni, akanionyesha ukuta wa kushoto ulivyo mnene kuliko wa kulia. Akaniuliza kwa nini. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Huu unasukuma damu mwili mzima, ule ni mapafu tu." Hooyo alikuwa anasubiri nyama yake, lakini alisimama akasikiliza.

Mtaniambia sindano na ndimu haziwezi kuchukua nafasi ya mwalimu. Kweli kabisa, na hapo ndipo nina ugomvi. Kila matokeo yakitoka tunaambiwa watoto wa kaskazini hawana bidii. Bidii ya kukariri tunayo, muulize mtoto yeyote wa dugsi. Mtoto amekariri juzuu ngapi, ashindwe na jedwali? Tunachokosa ni saa za kushika vifaa. Mwenye ufunguo wa maabara, fungua Jumamosi. Gunia linaweza kulala popote. Wewe uliyemaliza kemia chuoni na uko mtaani unasubiri kazi, saa mbili kwa wiki zinatosha. Mimi niliyeacha chuo nimeanza, wewe mwenye cheti unangoja nini? 8-4-4 inaisha na KCSE ya 2027, na hawa wa CBC wanaochagua njia ya sayansi watakuta magunia yale yale tusipoyatoa sisi.

Jana usiku stima ilipotea tukiwa uani. Nikawasha ile taa yangu ya duara ya kurekodia, abaayo akaendelea. Jaribio la kwanza 18.5, la pili 18.4, la tatu 18.5. Akaandika, akapiga mstari, akasema tu, "Aboowe, shika taa vizuri."